Umati Haupigi Kura: Ushauri Kwako Unayeutaka Ubunge 2027

Juma lililopita niliandikiwa na dada mmoja, mwalimu wa sekondari katika kaunti jirani na yetu hapa Pwani. Alianza na shikamoo, akaniambia amekuwa akinisoma tangu nilipogombea ubunge 2022, kisha akafika kwenye haja yake: "Mwalimu, watu wananitaka. Kila niendako wanajaa. Nipe mawaidha, nakitaka kiti cha eneobunge letu." Akaniambatishia picha za mikutano yake, na kweli watu walijaa.

Nilimjibu kwa ufupi siku ile. Lakini swali lake si lake peke yake. Najua wengi mnaosoma hapa mna ndoto hiyohiyo, ila hamjaitamka mbele ya watu. Basi leo nasema yote.

Nianze na zile picha. Nilizikuza kwenye simu nikazitazama uso kwa uso. Safu ya mbele ni watoto wa shule. Pembeni wamo vijana wa bodaboda ambao vizibao vyao vinaonyesha ni wa steji ya mji ulio nje ya eneobunge lake. Chini ya mwembe wamekaa kina mama, wengi, na hao ndio wa thamani, lakini hata hao sijui ni wangapi wamejiandikisha, na waliojiandikisha, wamejiandikisha wapi. Umati haupigi kura, dada yangu. Anayepiga kura ni mtu ambaye jina lake limo kwenye daftari la IEBC, yaani tume ya uchaguzi ya Kenya, katika kituo kimoja ndani ya mipaka ya eneobunge lako, mwenye kitambulisho mkononi, na ambaye asubuhi ya siku hiyo ataondoka kwake aende akapange foleni. Mwingine yeyote anayekupigia vigelegele ni mtu mwema, mshukuru, lakini usimhesabu.

Hilo nalijua kwa sababu nimelipitia.

Nimefundisha shule za huku kwetu muda mrefu, na chama nilichogombania tikiti yake nilikitumikia tangu nikiwa kijana. Nilipika kwenye mikutano yao, nikasimamia vituo vyao kama wakala, nikalala chini kwenye madarasa nikilinda kura za wanaume ambao leo hawapokei simu yangu. Nilipotangaza kwamba safari hii nataka mimi, mzee mmoja wa chama alinishika mkono akaniambia kwa upole, "Binti yangu, mbona usiende kwa mama kaunti? Kile mmetengewa nyinyi." Alisema kama anayenifanyia hisani.

Viti vya mwakilishi wa wanawake, huyo mama kaunti, ni 47, kimoja kwa kila kaunti, na ni vyema viwepo. Lakini viti 290 vya maeneobunge havikuandikwa jina la mwanamume. Mwaka 2013 wanawake 16 walivichukua, mwaka 2017 wakawa 23, mwaka 2022 wakafika wapatao 30. Tunapanda polepole, lakini tunapanda, na kila aliyeingia aliwahi kuambiwa asubiri. Mimi nilimjibu yule mzee kwamba nimekwisha kusubiri.

Mchujo wa chama, wa kumchagua mgombea wake, ulifanyika Aprili. Sitasimulia yote, maana bado yananichoma. Vituo vingine vilifunguliwa jua likiwa utosini, vingine havikufunguliwa kabisa, na jioni tukasikia cheti cha uteuzi wa chama kimeshatolewa kwa mtu mwingine. Nilikaa kwenye gari la shemeji yangu nikalia mpaka macho yakavimba. Kisha nikajifuta, nikafungua Katiba kwenye simu.

Hapa ndipo mnapohitaji kusikiliza kwa makini, kwa sababu hamtaambiwa na chama chochote. Kifungu cha 85 kinasema anayetaka kuwa mgombea huru asiwe mwanachama wa chama kwa angalau miezi mitatu kabla ya siku ya uchaguzi. Uchaguzi ulikuwa Agosti 9, kwa hiyo mlango ulikuwa unafungwa Mei 9. Vyama vilikuwa vimepewa hadi Aprili 22 kumaliza mchujo. Kati ya tarehe hizo mbili ndimo kuna nafasi yote ya mtu aliyedhulumiwa kujitoa, na wenye vyama wanajua. Ndiyo maana watakuita vikao vya maridhiano, watakuambia rufaa yako inasikizwa kesho, kesho kutwa, wiki ijayo, mpaka siku ipite. Barua yangu ya kujiuzulu ilikuwa imeshaandikwa kabla ya mchujo. Niliiweka kwenye bahasha, nikaitumia nilipoihitaji, kwa chama na kwa Msajili wa Vyama vya Siasa. Uchaguzi ujao ni Agosti 10, 2027. Hesabu miezi mitatu nyuma, uandike tarehe hiyo ukutani.

Na kama wewe ni mwalimu wa serikali kama dada aliyeniandikia, kuna tarehe nyingine ya mapema zaidi. Mtumishi wa umma anayetaka kugombea hutakiwa kujiuzulu angalau miezi sita kabla ya uchaguzi. Maana yake mshahara unakatika Februari, ilhali kura ni Agosti, na katikati ndiyo miezi ambayo kila mtu anakuomba. Kaa na mumeo, kaa na mamako, mkubaliane nani atalipa karo ya watoto kipindi hicho. Ukiliahirisha zungumzo hilo, litakurudia katikati ya kampeni, wakati mbaya kuliko wote.

Jambo jingine dogo lakini lina meno: kaangalie kama umesajiliwa chama usichokijua. Mwaka 2021 Wakenya wengi waliingia kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, wakajikuta wanachama wa vyama ambavyo hawakuwahi kuvisikia. Usije ukawa mgombea huru halafu mtu akatoa jina lako kwenye orodha ya chama siku ya kupeleka karatasi.

Mgombea huru wa ubunge anahitaji kuungwa mkono na wapiga kura 1,000 waliosajiliwa katika eneobunge hilohilo. Ada ya IEBC kwangu ilikuwa shilingi 10,000, maana wanawake, vijana na watu wenye ulemavu hulipa nusu ya 20,000. Fedha hizo si ngumu. Kazi ni zile sahihi. Watu walinisainia kwa mapenzi, wakinibusu, wakiniombea dua, na tulipokagua majina tukakuta mmoja kajiandikisha Likoni, mwingine Kisauni, mwingine hajajiandikisha popote tangu azaliwe. Ni watu wangu, tunazikana na kuozana, lakini kwa daftari si wapiga kura wangu. Siku ile ndipo nilipoacha kutazama umati.

Nilinunua daftari la mistari, lile kubwa la hesabu. Nikalichora safu. Safu ya kwanza jina la kituo. Ya pili idadi ya waliosajiliwa pale. Ya tatu waliopiga kura 2017, hesabu nilizozipata kwa nakala za fomu zilizobaki kwa mawakala wa zamani, ambao wengine walikuwa wamezitunza kwenye masanduku pamoja na hati za mashamba. Ya nne jina la mtu mmoja, mkazi wa pale, ninayeweza kumpigia simu saa nne usiku akapokea. Kituo kimoja cha kupigia kura hakizidishi wapiga kura 700, kwa hiyo shule moja ya msingi yenye watu wengi huwa na vituo viwili, vitatu, kila kimoja na chumba chake na orodha yake. Ukishalijaza daftari hilo unaliona eneobunge lako kwa mara ya kwanza. Kile kijiji kinachokushangilia kuliko vyote kina wasajiliwa wachache. Ule mtaa usioukanyaga kwa sababu wenyewe wana maringo una vituo vinne mfululizo na watu wake hupiga kura wote.

Kwa heshima nasema: hakuna mshauri wa kampeni aliyenifundisha hili. Baadhi ya waliokuwa wakinicheka na daftari langu, leo wananiomba niwatolee nakala.

Kampeni zenyewe sitazieleza. Ni vumbi, ni sauti kukauka, ni kula wali wa matanga kila Jumamosi. Mnazijua. Nitasema mawili tu ambayo nadhani hayasemwi.

La kwanza ni karatasi. Mpiga kura wa Kenya hupewa karatasi sita: rais, gavana, seneta, mwakilishi wa wanawake, mbunge na mwakilishi wadi. Vyama hupita vikihubiri sita juu ya sita, yaani uanze na rais wao uteremke na alama hiyohiyo mpaka chini. Mgombea huru hana rais wala gavana wa kumbeba. Alama yangu ilikuwa ngalawa, na haikuonekana kwenye karatasi nyingine yoyote. Basi mimi niliacha kuhubiri sera dakika kumi za mwisho za kila kikao, nikawa nafundisha. Karatasi ya mbunge ni ya kijani. "Mkipewa ya kijani mtafute nini?" "Ngalawa!" Mabibi wasiojua kusoma walikuwa wakinijibu kwa nguvu kuliko wote. Nimefundisha darasa la kwanza maisha yangu, najua jinsi ya kurudia jambo bila kuchosha. Mpaka leo nikipita sokoni watoto wananiita Ngalawa.

La pili ni fedha, na hapa nitasema kwa uchungu. Wazee wa kijiji kimoja walinikaribisha vizuri, wakanisikiliza, nikamaliza, wakanyamaza. Kisha mkubwa wao akasema, "Mwalimu, maneno yako tumeyapenda, lakini mkono mtupu haulambwi." Wiki ile mpinzani wangu mmoja alikuwa amepita akigawa noti za shilingi 200 na leso zenye picha yake. Nilisimama nikawaambia kwamba Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 inampa anayetoa na anayepokea adhabu moja: faini isiyozidi shilingi milioni 2, au kifungo kisichozidi miaka sita, au vyote viwili. Walinitazama kama ninayewatishia wazee. Sikuwapa chochote. Sikutoa popote. Na kituo kile nilikishinda, mjue hivyo. Watu hula pesa za mtu wakampigia mwingine, kwa sababu ndani ya kile kibanda hakuna anayewaona.

Ila si vituo vyote vilikuwa hivyo, na sitaki kuwadanganya.

Kilichoniuma zaidi ya noti ni vitambulisho. Siku chache kabla ya kura, katika wadi yangu niliyokuwa na nguvu, kulipita watu wakiwaambia kina mama walete vitambulisho viandikwe kwa ajili ya mradi wa msaada. Wakaviandika, wakaondoka navyo. Bila kitambulisho ulichojiandikishia hupigi kura, hata kama kila mtu kituoni anakujua kwa jina. Wengine vitambulisho vyao vilikuwa vimewekwa rehani dukani kwa deni la unga. Ninyi mnaosoma haya na si wagombea, waambieni mama zenu: kitambulisho hakiachwi mkononi mwa mtu. Mtu akikitaka, amekwishajua thamani yake kuliko wewe.

Kuhusu sera nitakuwa mfupi, ingawa najua ndicho mnachopenda kuzungumza. Mpiga kura hataki kukusikia ukitaja miswada. Anataka kujua mtoto wake atapata basari. Tangu mfuko wa maendeleo ya maeneobunge uanzishwe 2003, ukitengewa angalau asilimia 2.5 ya mapato ya serikali, watu wetu wamemjua mbunge kwa madarasa, basari na ofisi za chifu. Usimlaumu mpiga kura kwa hilo, ndiyo sura pekee ya serikali aliyoiona ikimfikia. Lakini mwambie ukweli. Mwambie zahanati ni ya kaunti, chekechea ni ya kaunti, barabara nyingi za vijijini ni za kaunti, na mbunge anayeahidi kuajiri muuguzi anaahidi kazi ya gavana. Mwambie pia kwamba Septemba 2024 Mahakama Kuu iliamua sheria ya mfuko huo, NG-CDF, ya 2015 inakiuka Katiba na ikaweka Juni 30, 2026 kuwa mwisho wa mfuko, na kwamba uamuzi huo ulizua mvutano mkubwa. Mgombea anayejenga kampeni nzima juu ya basari lazima aweze kujibu: mfuko ukiondoka, wewe utakuwa na kazi gani? Mimi nilikuwa na jibu langu hata kabla ya uamuzi ule. Kazi ya mbunge ni kusimama pale bajeti inapokatwa na kuuliza sehemu yetu iko wapi, kwa sauti, mpaka ijibiwe. Nilipolieleza hivyo, kwa mfano wa kisima ambacho fedha zake zilitengwa na hakikuchimbwa, watu walielewa. Watu wetu si wajinga, wamechoshwa tu.

Sasa tufike kwenye usiku wenyewe.

Upigaji kura hufungwa saa kumi na moja jioni, lakini aliye kwenye foleni saa hiyo huruhusiwa kupiga. Kisha makaratasi humwagwa, yakaanza kuhesabiwa ya rais, na ya kijani yakasubiri zamu yake. Wakati huo mawakala wengi huwa wamechoka, wamekula mara moja tangu alfajiri, na wengine wameondoka. Ndipo kura za mbunge huhesabiwa. Nimekuwa wakala, najua usingizi wa saa tisa usiku ulivyo mzito kwenye darasa lisilo na umeme. Kwa hiyo sikuchukua vijana wa mjini wenye suruali za kubana na maneno mengi. Nilichukua wanawake wa palepale, wauza mitumba, wauza samaki, wanawake waliozoea kuamka saa nane kuwahi mashua. Niliwafunza kwa siku mbili kwenye uwanda wa nyumba yangu. Niliwaambia: Fomu 35A, ile ya matokeo ya mbunge kituoni, ndiyo mtoto wako usiku huu. Kagua tarakimu na maneno yalingane, kagua jumla, weka sahihi, chukua nakala yako, piga picha, na ile inayobandikwa mlangoni uipige picha pia. Ukikataa kutia sahihi andika sababu, maana kukataa kwako peke yake hakubatilishi kitu. Kila mmoja alibeba chai kwenye chupa na maandazi. Chakula cha wakala, ndugu zangu, ni muhimu kuliko bango lako barabarani.

Kulipopambazuka nilikuwa na picha za fomu za vituo vyote. Vyote. Hakuna mgombea mwingine katika eneobunge letu, hata wale waliokuja kwa msafara wa magari, aliyeweza kusema hivyo. Nilikaa na mpwa wangu na kikokotoo, tukajumlisha, na kabla afisa msimamizi hajasoma Fomu 35B, ya matokeo ya eneobunge zima, katika ukumbi nilikuwa nimekwisha kujua kwamba nimekuwa wa pili.

Wapambe wangu walitaka tuseme tumeibiwa. Walikuwa na hasira, na hasira yao ilikuwa ya mapenzi. Sheria inampa mgombea siku 28 tangu matokeo kutangazwa afungue kesi, anaweka dhamana ya shilingi 500,000, na Mahakama Kuu hutakiwa kuimaliza ndani ya miezi sita. Njia ilikuwepo. Lakini fomu zangu na fomu zao zilifanana, kituo kwa kituo. Nikasema hapana. Sitapanda jukwaani kuwaambia kina mama waliokesha kwamba kazi yao ilikuwa bure. Nilishindwa kwa kura. Baadhi ya mashabiki walinihama siku ile kwa sababu nilikubali matokeo, na sijutii.

Nilirudi kwenye daftari langu nikaanza safu ya tano: waliojitokeza 2022. Hapo nikaona nilipopotelea kiti. Vituo vya mjini, vya mpinzani, foleni zilikuwa zimejaa. Vituo vyangu vya mashambani, nilikoongoza kwa mbali, zaidi ya nusu ya waliosajiliwa hawakuonekana. Si kwamba walimpigia mwingine. Hawakwenda. Nchi nzima tulikuwa na wapiga kura 22,120,458 waliosajiliwa, na waliojitokeza walikuwa asilimia 65 hivi. Huku kwetu Pwani hali ni mbaya zaidi, Mombasa haikufika hata nusu. Wanaotushangilia kwa ngoma ndio hao wanaobaki nyumbani. Mmoja aliniambia bila haya, "Mwalimu, mimi nilijua umeshashinda, nikaenda shamba."

Maneno hayo yaliniumiza kuliko cheti kilichopokonywa. Yaliniumiza kwa sababu aliyasema mtu anayenipenda.

Kwa hiyo wewe unayeniandikia una umati, nakuuliza: umati wako unaishi mbali kiasi gani na kituo? Nani atambeba bibi asiyeweza kutembea, na nani atakaa na watoto wa mama mwenye mapacha? Kijana aliyepoteza kitambulisho amekwenda lini kuomba kingine? Hayo ndiyo maswali ya ubunge. Mengine yote ni muziki.

Na usijidanganye kwamba kura chache si kitu. Tazama Magarini, hapa hapa Kilifi. Mwaka 2022 walioongoza walitenganishwa na kura 21. Kesi ikafunguliwa, ikapanda ngazi hadi Mahakama ya Juu, uchaguzi ukabatilishwa, na kwa kuwa IEBC ilikaa bila makamishna tangu Januari 2023 hadi Julai 2025, wakazi wakabaki na kiti kitupu mpaka uchaguzi mdogo wa Novemba 27, 2025. Kura 21 ni ukoo mmoja. Ni matatu moja na nusu. Eneobunge zima likakosa sauti bungeni muda wote huo kwa pengo ambalo lingezibwa na familia moja iliyolala mpaka saa tatu.

Wapo pia wanaosubiri mipaka igawanywe ili wapate eneobunge jipya dogo la nyumbani kwao. Nimewasikia wengi. Mipaka tuliyo nayo ni ya 2012. Katiba inataka ipitiwe upya kati ya mwaka wa 8 na wa 12, na muda huo ulipita Machi 2024 wakati tume haina makamishna. Panga 2027 kwa eneobunge lililopo, na wadi zake zote, hata ile usiyoipenda. Anayesubiri ramani mpya huwa anatafuta sababu ya kutowatembelea watu wa upande wa pili wa mto.

Usajili wa wapiga kura ulirejea Septemba 29, 2025 katika ofisi za IEBC za maeneobunge, na tume ilisema inalenga wapiga kura wapya milioni 6.3 kabla ya 2027. Hiyo ndiyo kampeni ya sasa. Si mabango, si fulana, wala si kutangaza nia redioni. Mchukue kijana aliyepata kitambulisho mwaka huu, panda naye bodaboda hadi ofisini, asajiliwe kituo cha kwao. Mchukue yule anayeishi hapa lakini jina lake liko Kisauni, ahamishe. Hawakuahidi kukupigia kura na usiwaulize. Mimi nimekuwa nikifanya hivyo tangu usajili ulipofunguliwa, na wengine najua watampigia mtu mwingine. Wapige. Kiongozi anayesajili wapiga kura wake tu ameshaonyesha atakavyogawa basari.

Dada yangu mwalimu, sijakukatisha tamaa. Una umri mzuri, una sauti, na kina mama wa chini ya mwembe wanakutazama vizuri, nimewaona. Kabla hujaitisha mkutano mwingine, nenda ofisi ya IEBC ya eneobunge lenu uombe idadi ya waliosajiliwa kwa kila kituo. Ukipata, chora safu nne za mwanzo kama nilivyoeleza. Ile ya nne, ya mtu wa kupokea simu saa nne usiku, ndiyo itakayokupa taabu. Ijaze kwanza kwa wadi moja tu, wadi uliyo dhaifu, kisha unitumie picha yake. Tutaanzia hapo.